Mahali pa Nia

Mtu atokaye Tanga mjini kwa barabara ya Muheza, akiisha kuviacha viunga na minazi na kuanza kuonana na mashamba ya mkonge, hufika Pongwe kabla hajachoka kukaa, na hapo huiona dohani ya kiwanda cha saruji imesimama karibu na machimbo ya mawe ya chokaa, mawe ya kale sana, ndugu wa yale ambayo upande wa Amboni maji yamechimba ndani yake mapango. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilipita hapa ikielekea Muheza, ikafika huko mwaka 1896, na kampuni ya Kijerumani iliyoijenga ikaishiwa na fedha, hata serikali ya Ujerumani ikaichukua mwaka 1899. Nayaeleza haya mapema kwa sababu Pongwe ni mahali ambapo makusudi ya watu wa mbali yamepita mara nyingi, mengine yakasimama, mengine yakaacha tuta la udongo na vyuma. Na mimi niliyeipita njia hii tangu utotoni nimefika umri wa kujiuliza jambo ambalo zamani sikuliona kuwa ni swali: kampuni isemapo kwamba imekusudia neno fulani, ni nani hasa aliyekusudia?

Mameneja niliofanya kazi chini yao, nami nimekuwa karani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, walikuwa na maneno mawili waliyoyatumia kama mtu atumiavyo mkono wa kulia na wa kushoto, nayo ni mkakati na muundo. Mkakati, kwa ufahamu wao, ni kule kampuni inakokwenda. Muundo ni namna watu walivyopangwa ili wafike huko, nani yuko juu ya nani, nani amwandikie nani, na karatasi ipite meza ngapi kabla haijafika kwa mwenye kuidhinisha. Mkakati waliuheshimu kama mtu aheshimuvyo fikira zake mwenyewe. Muundo waliuona kuwa ni mchoro wa visanduku na mistari, ambao waweza kufutwa jioni na kuchorwa upya asubuhi. Mwanachuoni wa Marekani, Alfred Chandler, alitoa kitabu mwaka 1962 juu ya habari hii, akachungua historia za kampuni nne kubwa, Du Pont, General Motors, Standard Oil ya New Jersey na Sears, Roebuck, akahitimisha kwamba muundo hufuata mkakati. Du Pont, kwa mfano, iliyokuwa ikitengeneza baruti, ilijitia baada ya Vita Kuu ya Kwanza katika biashara ya rangi na kemikali za namna nyingine, ikaona kwamba utaratibu wa ofisi uliofaa kwa bidhaa moja umekuwa mzigo kwa bidhaa nyingi, hata mwaka 1921 ikajigawa katika idara, kila idara na bidhaa yake na hesabu yake. Hoja hiyo ni ya mtu aliyesoma nyaraka nyingi kwa subira, nami naikubali kwa kadiri yake. Lakini huanza katikati ya safari, maana huukuta mkakati umekwisha kuzaliwa, wala haiulizi ulizaliwa kifuani mwa nani.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno tadbiri, walikuwa na azma, na juu ya hayo walikuwa na nia, na katika maneno matatu hayo ni hili la mwisho walilolifikiri kwa undani zaidi kwa sababu sala yao ilisimama juu yake. Mtoto aliyesomeshwa chuoni katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi katika mwambao huu, hufundishwa mapema kwamba nia ni nguzo ya sala, kwamba mahali pake ni moyoni na ulimi husaidia tu, na kwamba haina budi kukutana na takbira ya kuhirimia, isitangulie kwa kitambo wala isije nyuma yake. Nilipokuwa mtoto sharti hili lilinichosha, maana nilirudia takbira mara mbili tatu kwa kuogopa kwamba moyo umechelewa. Leo naona limebeba falsafa nzima. Aliyesimama, akarukuu na kusujudu kwa unyofu wote pasipo nia amenyosha viungo vyake tu, na aliyenuia akabaki ameketi amebaki na ndoto njema. Na mwenye kuuliza ni kipi kitangulie, nia au umbo, hajibiwi, kwa kuwa sala yenyewe haipo mpaka viwili hivyo vizaliwe kwa pamoja.

Sasa ipeleke kanuni hiyo katika kampuni uone ugumu wake. Sheria imeipa kampuni jina, mhuri, haki ya kumiliki, ya kushitaki na ya kushitakiwa, haikuipa kifua. Mafakihi walivijua vitu vya namna hii tangu zama za kale, maana wakfu una mali yake na baitulmali ina mali yake. Lakini sikupata kumsikia sheikh akisema kwamba wakfu umenuia. Nia ni ya yule aliyeuweka, na msimamizi ajaye baada yake amepokea amana, naye hufungwa na masharti ya mtu ambaye pengine mifupa yake imekwisha kuwa udongo. Basi tusemapo nia ya kampuni twasema kwa majazi, na majazi yakisahauliwa kuwa ni majazi huanza kuwadanganya hata wenye akili.

Nitaeleza jambo nililoliona kwa macho yangu. Katika kampuni moja ya Tanga, ambayo haikuwa ya saruji na ambayo si lazima kuitaja, tulipata mkurugenzi mpya, mtu msomi na mwema, aliyekaa na wakuu wa idara siku tatu mfululizo akatoka na mkakati ulioandikwa kwa ufasaha, na kiini chake kilikuwa ahadi moja, kwamba mteja asingojeshwe. Maneno hayo yalitiwa katika fremu yenye kioo yakatundikwa ukutani, karibu na mlango wa stoo. Mwezi haukwisha, beringi ya mashine kubwa ikavunjika. Beringi nyingine ilikuwapo dukani mjini, umbali wa mtu kwenda kwa baiskeli na kurudi kabla ya chai ya saa nne. Lakini fomu ya kununulia vipuri ilitaka bei za maduka matatu na sahihi za watu wanne, na mmoja wa wanne hao alikuwa safarini Dar es Salaam. Siku ya tano mhandisi wetu aliingia stoo kwa mzee aliyeitunza, nami nilikuwapo nikilinganisha daftari na mali iliyo rafuni.

“Shikamoo, mzee,” alisema, naye ni kijana mwenye adabu zake, “nipe basi hata ile ya akiba.”

“Marahaba, mwanangu. Ya akiba ilitoka mwaka juzi, na fomu ya kununua badala yake ni hiyo hiyo uingojeayo.”

“Lakini mzee, umeona kilichoandikwa pale ukutani?”

“Nimekiona, na kinasomeka vizuri. Na hii nayo imeandikwa,” akaweka kiganja juu ya bunda la fomu, “na hii ndiyo nitakayoulizwa.”

Mashine ilikaa kimya siku tisa. Nilimkasirikia yule mzee wa stoo, nikamwona kuwa ni mtu mkavu, mpaka nilipopekua majalada ya zamani kwa kazi nyingine nikakuta asili ya ile fomu. Miaka mingi nyuma vipuri viliibwa kwa mafungu, kampuni ikakaribia kufilisika, na meneja wa wakati ule, kwa kuwaonea huruma wafanyakazi ambao wangepoteza riziki zao, aliamuru bei tatu na sahihi nne. Ilikuwa nia njema, tena ya haraka, na wizi ulikoma. Meneja yule alistaafu, kisha akafariki, Mungu amrehemu. Ila nia yake ilibaki stoo, ikitiiwa kila siku na watu ambao hawakumjua kwa jina wala kwa sura, ilhali nia ya mkurugenzi aliye hai, mwenye gari na ofisi, ilikaa nyuma ya kioo.

Tangu siku ile nimekuwa na itikadi kwamba muundo si mchoro hata kidogo. Muundo ni nia ya jana iliyoganda. Watu wa Pongwe wataielewa kauli hii upesi kuliko wengine, kwa sababu wanaishi na jambo lenyewe: mawe ya chokaa na udongo husagwa kuwa unga, unga ukatiwa katika tanuri, nalo ni kama bomba kubwa la chuma lililolala kwa mteremko mdogo na kuzunguka polepole, ukapikwa humo mpaka joto la nyuzi 1,450 hivi, yakatoka madonge magumu ya kijivu yaitwayo klinka, na klinka husagwa pamoja na jasi kidogo, ndipo iitwe saruji. Hiyo jasi ni kidogo sana ukiilinganisha na klinka, na mtu asiyejua aweza kudhani kwamba imetiwa kwa kuongeza uzito. Bila yake saruji ikikutana na maji huganda papo kwa papo, kabla fundi hajaushika mwiko wake. Jasi ndiyo impayo fundi saa zake za kusawazisha, kubomoa alipokosea, na kuita mwenzake atazame kama ukuta umenyooka. Wale waliojenga msikiti wa Tongoni, ambao magofu yake yako kusini ya Tanga pamoja na makaburi ya zama hizo, walitumia chokaa ya matumbawe iliyochomwa kwa kuni, na chokaa hiyo hukauka kwa taratibu mno, ikiendelea kukaza mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo hawakuhitaji kuambiwa kwamba kitu kigumu kilikuwa laini zamani na kwamba ule muda wa ulaini ndio muda wa kusema.

Katika kampuni muda huo huitwa kupoteza wakati. Meneja hodari hujisifu kwamba alipanga idara upya kwa mwisho wa juma mmoja, Ijumaa watu wakaenda makwao wakiwa chini ya huyu, Jumatatu wakarudi wakiwa chini ya yule. Hakutia jasi. Hakumwuliza mtu wa stoo ni fomu zipi anazoulizwa, wala dereva ni nani amtiaye sahihi ya mafuta, wala karani ni barua zipi azipokeazo ambazo hazimhusu. Akadhani amehamisha nia ilhali amehamisha meza. Imamu Ghazali, katika kitabu cha nia kilichomo ndani ya Ihyaa, alikwisha kueleza kwamba nia si maneno ya kutamka wala picha ya kuleta akilini kwa amri, bali ni kuinuka kwa moyo kuelekea kile ukionacho kuwa ndio muradi wake, na kwamba mtu aliyeshiba hawezi kujitia njaa kwa kusema kuwa anatamani chakula. Nawakumbuka wafanyakazi wenzangu waliokusanywa uani wakasomeshwa yale maneno ya kwenye fremu kwa sauti moja, na ni lazima niseme kwa heshima kwamba hakuna aliyekuwa mwongo pale. Walikuwa watu walioshiba hofu ya fomu, wakiamriwa kuona njaa ya kumhudumia mteja.

Kuna mfano mkubwa kuliko beringi, nao upo kila upande wa barabara hii. Mwaka 1893, mwaka ule ule wa reli, Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai katika pwani yetu ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka mwanzo mdogo huo mkoa mzima ulipata sura yake, makorona yaliyochakata majani na majengo ya brashi yaliyosafisha nyuzi, mistari iliyonyooka mpaka macho yachoke, manamba, vibarua wa mkataba, waliokuja kutoka nchi za mbali na vipande vyao vya kazi mfukoni, na majani yaliyofungwa thelathini thelathini. Mwaka 1964 nchi ilitoa takriban tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Bei zikaanguka, nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, na mwezi Oktoba 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakataifishwa. Likaundwa shirika, shirika likageuka kuwa mamlaka, na mwaka 1998 mashamba ya mamlaka yakauzwa kwa kampuni ya Katani, wakati ambapo mavuno ya nchi nzima yalikuwa yameshuka mpaka kama tani 20,000. Sitawadhulumu walioyasimamia mashamba hayo kwa kusema kwamba wao ndio walioshusha bei za dunia. Nasema neno dogo zaidi, nalo laniuma kwa kuwa ndugu zangu walilia kwa sababu yake: mkonge hukaa kama miaka mitatu kabla jani la kwanza halijakatwa, kisha hukatwa kwa miaka mingi, kisha hutoa mlingoti mmoja ukafa. Umri wa mmea huo ni mrefu kuliko muda wa meneja katika kiti chake. Jina la mwajiri lilibadilika juu ya lango mara kadhaa, na kila jina lilikuja na mkakati wake. Lakini maadamu mtu wa shambani alipimwa kwa singa za mwaka huu, alikata, na aliyekata pasipo kupanda alipata sifa yake yote kabla pengo halijaonekana. Nia ya kukata ilikuwa imeganda ndani ya kipimo, na hakuna aliyeipasua.

Serikali nayo ilipata kujaribiwa hivyo. Mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972, ambao washauri wa McKinsey kutoka Marekani walishiriki katika kuuandaa, ulikusudiwa kuyasogeza maamuzi karibu na wananchi, na sina shaka juu ya ukweli wa kusudi hilo katika moyo wa Mwalimu Nyerere. Lakini katika umbo lake halmashauri zilizochaguliwa na watu ziliondolewa, wakaja maofisa wa mkoa na wilaya mahali pake, na ilibidi sheria ya mwaka 1982 itungwe ili serikali za mitaa zirudi.

Wanazuoni wa Kiislamu waliliona tatizo hili la nani anayeamua kwa upande wa utawala mapema sana. Al-Mawardi, mwanasheria wa Kishafii aliyefariki Baghdad mwaka 1058, aliwagawa mawaziri katika mafungu mawili: waziri wa tafwidhi, ambaye amekabidhiwa kuamua kwa rai yake, na waziri wa tanfidhi, ambaye hutekeleza tu yale yaliyoamuliwa na kupeleka habari juu na chini. Nimewaona mameneja wengi ambao, pasipo kuyajua maneno hayo, wamejiweka wenyewe katika fungu la kwanza na watu wote waliosalia katika fungu la pili. Hiyo ndiyo maana ya visanduku vyao vya juu kuwa vikubwa. Kosa lake huonekana pale ambapo kazi yenyewe haingoji. Mjomba wangu, aliyelitumikia tanuri kwa miaka mingi, alinifahamisha kwamba tanuri la moto haliachwi likasimama, kwa maana chuma kilichopata joto lile kikitulia hupinda kwa uzito wake chenyewe, na matofali ya moto yaliyolitanda ndani hupasuka yakipoa ghafula. Umeme ukikatika ipo injini ndogo ya dizeli ya kulizungusha kidogo kidogo, na mwenye zamu huiwasha bila kumwandikia mtu barua. Umbo la tanuri hulindwa na mwendo wake. Mtu yule wa chini kabisa katika mchoro, ambaye jina lake halimo hata katika kisanduku kidogo, katika dakika zile chache ana tafwidhi kamili, naye huitumia kwa kusudi lile lile ambalo mwenye hisa angelitumia kama angekuwapo.

Kiwanda cha Pongwe kilianza mwaka 1980 kikiwa mali ya umma; mwaka 1996 kikapata mwenye hisa nyingi kutoka Uswisi; mwaka 2002 hisa zake zikaingia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam; na mwaka 2024 kikafika mikononi mwa Amsons, kampuni ya hapa hapa Tanzania. Nilimwuliza mjomba kama nia ya kazi hubadilika wenye mali wakibadilika. Hakunijibu juu ya wenye mali. Alinieleza habari za Ramadhani, jinsi watu wa zamu ya usiku walavyo daku kwa kupokezana, wawili wakila na wengine wakitazama moto, na jinsi kila mmoja anuiavyo saumu ya kesho kabla ya alfajiri.

“Na mbona msinuie mara moja usiku wa kwanza,” nilimwambia, “kwa mwezi mzima, kama wanavyoona wafuasi wa Imamu Malik?”

“Wao wana hoja yao, na ni watu wa haki,” alisema. “Kwetu sisi kila siku ni ibada yake peke yake, ya jana haikufungii ya leo. Na daftari la zamu ni vivyo hivyo, mwanangu. Wapo wanaonakili aliyoandika mwenzao. Mimi nilikuwa nikiingia zamu napita kwanza urefu wote wa tanuri, nasikiliza, ndipo naandika.”

Amestaafu sasa, na nyumba yake iko Pongwe, mahali ambapo usiku ukitulia mngurumo wa kiwanda husikika. Ramadhani iliyopita nililala kwake. Kabla ya alfajiri aliamka, akala tende na uji, akanawa. Nami nikamwona akienda mlangoni, akasimama kwenye kizingiti akitega sikio upande wa machimbo, akakaa hivyo kitambo, kisha akarudi ndani, akaketi juu ya mkeka na kunuia.